Kulungu Kwenye Ngazi ya Bweni

Kijito cha Kettu
19 Novemba 1986

Mpwa wangu Aili,

Pokea salamu za mjomba wako Reino, mzima wa afya, ila goti la kushoto, lile lililoangukiwa na jiwe mgodini, likavunjika jiwe. Mama yako Helmi hajambo. Mbwa hajambo. Theluji imefika kiunoni, na jirani Oskari bado gari lake liko mtaroni. Simvuti mpaka aniombe radhi kwa lile jambo la msumeno. Simu sina, unajua. Kampuni ya simu ndiyo iliyokosa, si mimi, na mpaka wakubali kosa nitaandika barua kama watu wa zamani.

Sasa, jambo lenyewe. Zawadi umeiona?

Nimempata Askofu. Ndiyo, yule yule dume la kulungu aliyenichezea shere misimu minne, mwenye pembe kama kiti cha enzi. Alikuwa anakwenda mbio kama treni iliyokatika breki, katikati ya misonobari, theluji inaruka, umbali ambao bunduki ya mtu mwingine ingeomba likizo. Nikafyatua risasi moja. Ikazunguka mti, Aili, nakwambia nilichokiona kwa macho haya. Akafa kwanza, akaendelea kukimbia, ndipo akaanguka.

Nikasema huyu hatundikwi kwenye nguzo ya mjini, mbele ya baa ya Vesterinen, walevi wakamshika masikio. Kila mwaka kulungu mkubwa anatundikwa pale, watu wanapita wanasoma jina la aliyempiga. Sawa. Lakini mwaka huu atatundikwa kwa msomi wa ukoo. Nikampakia kwenye pikapu mpaka hapo chuoni kwako Stony Point, wewe ukiwa ndani ya mtihani wako wa kemia. Mlangoni kisichana kimoja kikaniuliza, "Samahani, mzee, wewe ni nani?" Mimi, niliyechimba shaba chini ya chuo chao kabla hakijawa chuo. Nikamwambia, "Mimi ndiye Mjomba," nikazunguka nyuma. Nikamtundika kwenye ngazi ya dharura, ghorofa ya pili, karibu na dirisha lako, peke yangu, kwa kamba moja na meno.

Wajue wewe ni mtoto wa nani.

Mwache aning'inie wiki nzima, nyama ilainike. Ini nimelila mimi, ni haki yangu.

Mjomba wako,
Reino Salmela


Stony Point
24 Novemba 1986

Mjomba,

Shikamoo. Naandika neno hilo kwa sababu Mama alinilea, si kwa sababu nina hamu ya kukuamkia leo. Mwambie Mama nimeshapona kikohozi.

Zawadi nimeiona. Imeonwa na bweni zima. Denise wa chumba cha pili, anayetoka Chicago, alifungua pazia asubuhi akakuta uso unamtazama, ulimi nje. Alipiga ukelele mpaka mtu wa ghorofa ya tatu akavuta king'ora cha moto. King'ora kikilia, Mjomba, wasichana wote wanatoka kwa njia gani? Kwa ngazi ya dharura. Wakashuka na nguo zao za kulalia kwenye theluji, mmoja mmoja, wanapenya kati ya ukuta na tumbo la Askofu. Damu ilikuwa imeganda kwenye vidato. Mmoja ameteguka mkono.

Halafu wakasoma lebo ya leseni ya kuwinda iliyofungwa kwenye pembe. Ina jina langu. Aili Perrault, herufi kubwa.

Bi. Whitcomb, mshauri wa wanafunzi, amenipokonya funguo za ukiranja wa bweni. Ukiranja ndio chumba changu na ndio chakula changu. Bila huo sina chuo, narudi nyumbani kufuta meza kwa Vesterinen. Kamati ya nidhamu itakaa tarehe nne Desemba, na Bwana Nyama Kivela, yule afisa wa wanyamapori, atakuwepo. Anataka kujua nilikuwa wapi wakati kulungu huyu anapigwa.

Leseni ile niliinunua kwa mazoea tu, nikaiacha kwenye droo ya Mama kwa sababu ya mtihani. Ya kwako, kulungu mmoja kwa msimu, uliimaliza siku ya kwanza, kwa kale kadume kasiko na pembe za maana. Mama ameniambia. Basi nijibu swali moja, na usinipigie hadithi: jina langu limefikaje kwenye pembe za Askofu?

Aili


Kijito cha Kettu
28 Novemba 1986

Mpwa wangu Aili,

Salamu tele. Helmi ana mafua. Mbwa amekula soksi. Oskari ameomba radhi, lakini kwa sauti ya chini, kwa hiyo gari bado liko mtaroni.

Barua yako nimeisoma nikawaka. Nimepasua kuni za msimu mzima kwa hasira, mpaka shoka likaniomba nipumzike. Chuo gani hicho? Kinakula kodi yetu, kinawafundisha watoto jina la kulungu kwa Kilatini, kulungu akija mwenyewe wanavuta king'ora. Na huyo Denise wako. Watu wa kusini hao, wanadhani nyama inaota dukani ndani ya karatasi. Mwambie uso ule aliouona ni uso wa heshima. Kuna watu hapa wangetoa gari ili uso ule uning'inie kwao.

Na huyo Bi. Whitcomb, amewahi kukosa chakula? Nijibu hilo. Amewahi kuingia Machi, theluji haijaisha, na viazi vya mwisho? Mtu asiyejua Machi asikae kwenye kamati.

Ukiulizwa, sema hivi: Askofu alipigwa huko mlimani na mtu asiyejulikana, akakimbia mpaka chuoni kutafuta daktari, akapanda ngazi, akafia hapo. Usicheke. Mwaka wa mafuriko nimeona kulungu akipanda ngazi ya kanisa na kuketi. Au nije mwenyewe na buti zangu, nisimame mbele yao, uone kama kuna atakayebaki amekaa.

Kivela asikutishe. Nilimtoa ndani ya barafu akiwa mtoto, kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa umeshika kahawa.

Swali lako nimeliona. Taa inaishiwa mafuta, acha nifupishe.

Pembe wamezihifadhi? Zisikae karibu na joto, zitapasuka.

Mjomba wako,
Reino


Stony Point
5 Desemba 1986

Mjomba,

Shikamoo. Mpe Mama pole ya mafua.

Hukujibu. Kwa hiyo nilikwenda mbele ya kamati bila kitu mkononi, watu saba, meza ndefu, na Kivela pembeni kofia magotini.

Nilikuwa nimeamua kusema kweli. Nataka ulijue hilo. Nilikuwa nimeipanga sentensi nzima. Kisha Kivela akauliza, "Binti, nani alimpiga huyu kulungu?" Nikamtazama nikakumbuka sheria: mtu akitumia leseni ya mwingine ananyang'anywa yake miaka mitatu, na ruhusa ya kuongoza wageni wanaokuja kuwinda inakwenda nayo. Tangu mgodi ufungwe unakula kwa wageni hao. Na tangu Baba afe, nyama ya mezani kwetu imetoka kwako. Sentensi yangu ikafa mdomoni.

Nikasema, "Mimi."

"Lini?"

"Alfajiri, kabla ya mtihani. Mjomba alinisaidia kubeba tu."

"Alikuwa anakimbia?"

Mimi sina uongo wa mapambo kama wako. Nikasema, "Hapana. Alikuwa amesimama tu."

Kivela alinikazia macho, kisha akaandika. Bi. Whitcomb akauliza kwa nini nilimtundika kwenye ngazi ya dharura. Nikasema kwetu ndivyo tunavyofanya. Katika yote niliyosema siku ile, hilo peke yake lilikuwa kweli.

Wamenirudishia funguo, kwa sharti. Ikigundulika kabla ya mwisho wa Mei kwamba nimeidanganya kamati kwa neno lolote, natoka siku hiyo hiyo. Kivela amerudisha nyama aliyokuwa ameichukua. Tumeipika bwenini na vitunguu na viazi, ikaliwa yote. Denise amekula bakuli tatu, huku bado ameninunia. Mtu wa gazeti alikuja akanipiga picha na pembe. Sikuweza kumkataa, nilikuwa nimeshasema mimi ndiye.

Nimesimama mbele ya watu walionipa chumba nikawadanganya machoni kwa ajili yako, na wewe hujaandika hata neno "samahani". Siliombi tena, limeshachacha. Naomba kitu kimoja kigumu zaidi kwako. Nyamaza. Mpaka Juni usimsimulie mtu habari za Askofu. Usimsimulie mlevi, wala mbwa.

Aili


Kijito cha Kettu
14 Desemba 1986

Aili,

Salamu. Wazima wote.

Gazeti limefika. Vesterinen amelibandika ukutani juu ya chupa. "Mwanafunzi amwangusha Askofu, akaenda kufanya mtihani." Picha yako umeshika pembe zangu kama mtu aliyeshika usukani wa baiskeli. Hazishikwi hivyo.

Misimu minne, Aili. Nimelala kwenye theluji mpaka ndevu zikaota barafu, nimejua kikohozi chake, nimejua mke wake. Watu hapa wananipiga bega, "Hongera Reino, umemfundisha binti vizuri." Binti. Oskari, ambaye hajui mbele ya bunduki na nyuma yake, kaniambia, "Labda mwakani akufundishe na wewe." Nimemwacha mtaroni mpaka siku ya kiyama.

Na la kuniua kabisa ni lile la "amesimama". Umewaambia watu alikuwa amesimama? Askofu? Mnyama aliyekuwa anaikimbia hata sauti ya jina lake? Kama uliamua kuiba, ungeiba kwa adabu. Ungeuliza. Ningekupa zile mbio, ningekupa ile risasi iliyozunguka mti. Umechukua kitu kikubwa kuliko vyote nilivyopata kufanya, ukakisimulia kama mtu aliyenunua mkate.

Mimi naombwa kunyamaza. Mwambie mto unyamaze. Sikuahidi kitu na siahidi.

Krismasi utakuja? Mama yako anauliza.

Reino


Stony Point
19 Desemba 1986

Mjomba,

Siji. Bweni linabaki wazi kwa wasiosafiri, na kiranja anahitajika. Mama atakuja kunitazama, nimemwambia achukue na pembe, zinanichoma.

Hujaona kwamba hukuibiwa. Hicho kitu chako kikubwa ulikiuza mwenyewe, na ulitumia jina langu kukiuza. Ukifungua mdomo mimi ndiye ninayefungasha.

Usiniandikie mpaka ujifunze.

Aili


Kijito cha Kettu
2 Machi 1987

Mpwa wangu Aili,

Salamu baada ya kimya kirefu. Goti linalia kila theluji inapogeuka. Mama yako amepunguza uzito, anasema ni kanisa, mimi nasema ni wasiwasi. Gari la Oskari nimelivuta. Nilichoka kuliona.

Umesema nisiandike. Nimeandika. Ukitaka choma, lakini usome kwanza, maana utasikia kwa wengine, na wengine hawajui kusimulia.

Mwezi uliopita ilikuwa siku ya kupima pembe kwa Vesterinen. Mama yako alizileta, mimi nikakaa kona na bia moja, mdomo nimeufunga kama kopo. Wakaweka utepe. Aili, hakuna pembe kama zile tangu wilaya ianze kupima. Vesterinen akapanda kwenye kiti, akaanza kuandika kwa rangi kwenye ubao wa mabingwa, A, I, L. Akachelewa sana kwenye ile L.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyempiga."

Unajua walifanya nini? Walicheka. Walicheka mpaka mtu akamwaga bia kwenye pembe. Vesterinen akiwa bado juu ya kiti akasema, "Reino, mwaka juzi samaki alikuburuta na mashua mpaka Kanada."

"Hiyo ni nyingine," nikasema. "Hii ni kweli."

"Na ile ya dubu aliyekuombea kazi mgodini?"

"Nasema hii ni kweli, nyie mafala."

"Kaa chini, mjomba wa bingwa," Oskari akasema. "Mwachie mtoto wa watu jina lake."

Miaka thelathini nawapa uongo wanaumeza na kuomba zaidi. Nimewapa kweli moja wameitema sakafuni. Nilitoka nje nikautwanga mlango wa pikapu yangu mwenyewe, mpaka leo haufungi vizuri.

Subiri, usichane. Nimevunja neno lako, najua. Wiki iliyofuata Kivela akaja. Aliingia baa na sare, akavua kofia, akaketi mbele yangu. Watu wakaacha karata.

"Reino," akasema, "nasikia umesema kitu."

"Nasema vingi."

"Umesema kulungu yule ni wako. Nilikuwa na mashaka tangu kule chuoni. Binti alijibu kama mtu anayetembea juu ya barafu nyembamba. Nataka jibu moja, mbele ya hawa. Kama ni wewe, sema, yaishe. Nitalazimika kuchukua leseni yako, lakini angalau ubao ule utakuwa na jina la kweli."

Uone mtego huo. Alikuwa ananipa. Alikuwa ananipa Askofu wangu kwenye sahani, yeye Kivela mwenye kiapo na sare, mtu ambaye wote wangemwamini. Leseni, potelea mbali, ningekula viazi. Nilikitaka kitu kile changu, Aili. Nilikitaka mpaka meno yakaniuma. Ningesema "ndiyo" moja tu, wale wote waliocheka wangelamba sakafu.

Nikaona herufi zako pale juu. Vesterinen ameandika vibaya, jina la baba yako limepanda kama ng'ombe kwenye kilima.

Nikasema, "Kivela, umenijua tangu utoto. Ni lini umenisikia nikisema kweli?"

"Sijakuuliza hilo."

"Basi andika. Mimi ni mwongo. Samaki sikumkamata, dubu sikumwona, wewe mwenyewe sikukutoa kwenye barafu, alikutoa baba yako. Nilikuwa nimesimama pembeni na kahawa. Na kulungu yule alipigwa na mtoto wa dada yangu. Mimi nilibeba tu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Kivela akaandika, akavaa kofia, akatoka. Tangu siku ile nikianza hadithi watu wanaangalia glasi zao. Nimekwenda mara mbili tu baa.

Basi una chumba chako. Kaa nacho. Mimi bado nimekasirika, usidhani yameisha. Nimewakasirikia wao, na Kivela, na chuo, na wewe na huo msimamo wako wa "amesimama tu". Na yuko mwingine ambaye nimemkasirikia zaidi, lakini huyo naishi naye ndani ya ngozi hii, nitamalizana naye mwenyewe.

Leseni niliichukua kwenye droo Helmi akiwa kanisani. Hilo ndilo jibu la swali lako la Novemba.

Reino


Stony Point
9 Machi 1987

Mjomba,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako, nikaitupa, nikaiokota. Nilipofika pale uliposimama mbele ya ubao ningekunyonga kama ungekuwa karibu. Denise aliniuliza nina nini. Nikamwambia nina mjomba. Akasema na yeye anao wawili.

Kemia nimefaulu. Barafu ya ziwani imeanza kupasuka na kulia usiku. Wasichana wa bweni wameniuliza kama mwakani kutakuwa na nyama tena. Nimewaambia kama ipo, itapita mlangoni, imekatwa, ndani ya karatasi. Umesikia?

Sijakusamehe. Nadhani nitakusamehe Juni, nikishafungasha kwa hiari yangu.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Watu wote wanasimulia jinsi Askofu alivyokufa, gazeti, baa, kamati, mimi mwenyewe nimeshasimulia mara ngapi sijui, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwepo. Wewe ulikuwepo. Niandikie. Mimi peke yangu. Usiweke mti uliozungukwa. Nitakuamini.

Aili


Kijito cha Kettu
15 Machi 1987

Mpwa wangu Aili,

Salamu. Wote wazima. Viazi vipo.

Barua hii nimeianza mara nyingi na kila mara ile treni iliyokatika breki ikaingia, nikaichana.

Nilikuwa nimekaa chini ya mwerezi tangu giza. Miguu ilikufa ganzi. Nilisinzia, bunduki magotini. Nilipofumbua macho alikuwa mbele yangu, karibu kama kutoka jikoni hadi mlangoni kwenu. Alikuwa mzee, Aili. Jicho moja lilikuwa jeupe. Nadhani upande wangu alikuwa haoni. Alikuwa anapumua, nami nikaona mvuke. Nikainua bunduki, nikapiga.

Leseni sikuwa nayo. Nilijua kabla sijapiga.

Nilikaa naye mpaka jua likatoka, sikuwa na wa kumwita. Ndipo nikawaza mlango wa nani nimpeleke, nikakuwaza wewe.

Hakukimbia. Alikuwa amesimama tu, kama ulivyowaambia.

Reino